Masaya Hattori: Gavana aliyeuliza kwa nini bei haishuki

Mwezi Aprili 2023 serikali ya Rwanda iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye mchele na unga wa mahindi. Wakati huohuo ilitangaza bei za kikomo: kilo moja ya unga wa mahindi isizidi faranga 800, mchele aina ya kigori usizidi faranga 820, viazi vya Kinigi visizidi faranga 460. Kwenye karatasi hesabu ilikuwa nyepesi. Kodi ya asilimia 18 imeondoka, basi bei nayo na ishuke. Sokoni mambo yalikwenda kwa mwendo mwingine. Katika siku za mwanzo wauzaji wengi walishikilia bei ya zamani, wakieleza kwamba mzigo walio nao waliununua kabla ya tangazo.

Kwa mwenyeji wa Nyakabuye, katika wilaya ya Rusizi, swali hilo si la vitabuni. Tarafa hiyo iko pembe ya kusini-magharibi ya nchi, pande za chemchemi za maji moto na bonde la mpunga la Bugarama, mbali na Kigali na karibu na mipaka miwili, wa Kongo na wa Burundi. Mtu wa huko anajua kwamba gharama inapopanda, bei dukani hupanda kesho yake asubuhi. Gharama inaposhuka, habari hiyo huchelewa njiani, na mara nyingine haifiki kabisa.

Zaidi ya nusu karne kabla ya tangazo hilo la 2023, mtu mmoja kutoka Japani aliketi katika ofisi ndogo mjini Kigali akilitafutia jibu swali lilelile. Jina lake ni Masaya Hattori. Alikuwa gavana wa Benki Kuu ya Rwanda kuanzia 1965 hadi 1971. Katika nchi yake anakumbukwa kwa kitabu alichoandika kuhusu miaka hiyo sita. Nchini Rwanda wanaomfahamu zaidi ni wanauchumi na wafanyakazi wa benki, ingawa jambo aliloligundua linamhusu kila anayebeba kikapu kwenda sokoni.

Kutoka Mie hadi Rabaul

Hattori alizaliwa 1918 katika mkoa wa Mie, Japani. Sehemu ya utoto wake ilipita London na Shanghai, na huko alipata lugha na desturi za watu wengine mapema kuliko watoto wengi wa Kijapani wa zama zake. Aliporejea nyumbani alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo. Kisha vita vikaja. Kama vijana wengi wasomi wa kizazi chake, aliingizwa katika jeshi la majini, akatumwa Rabaul, kituo kikubwa cha Japani katika visiwa vya Pasifiki ya Kusini, na huko ndiko vita vilikomea kwake.

Japani ilishindwa, na Hattori alirudi nyumbani na funzo moja lililomwandama maisha yake yote. Aliona kwamba jeshi likishinda, sifa ni ya askari wa kawaida, na likishindwa, lawama ianzie kwa wakuu wao. Miaka ishirini baadaye, alipowasikia wageni wa Kigali wakisema kwamba Rwanda ni maskini kwa sababu wakulima wake ni wavivu, hakuwaamini upesi. Alitaka kwanza kuona amri walizopewa wakulima hao, na ni nani aliyefaidika nazo.

Mwaka 1947 aliajiriwa na Benki ya Japani, akawa mtu wa hesabu, mikopo na fedha za kigeni. Nchi yake ilikuwa imeharibiwa kwa mabomu, sarafu yake ilikuwa imepoteza thamani, na bidhaa za magendo zilikuwa zikiuzwa kwa bei isiyofanana na ile ya serikali. Akiwa ndani ya benki hiyo aliishuhudia Japani ikijijenga upya. Kwa hiyo aliifahamu nchi yenye bei mbili kwa bidhaa moja kabla hajafika Afrika.

Benki changa katika nchi changa

Rwanda ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962. Kwa muda mfupi baada ya hapo iliendelea kutumia sarafu moja na Burundi, chini ya benki ya pamoja iliyorithiwa kutoka utawala wa Ubelgiji. Ushirika huo ulivunjika, na mwaka 1964 Benki Kuu ya Rwanda ikaanzishwa. Nchi ilikuwa na sarafu yake, lakini haikuwa na watu wa kutosha waliofunzwa kuiendesha, wala akiba ya fedha za kigeni ya kuilinda. Shirika la Fedha la Kimataifa likaombwa kutafuta gavana, nalo likamtafuta Tokyo.

Hattori alifika Kigali mapema 1965, akiwa katikati ya miaka yake ya 40. Kigali ya wakati huo ilikuwa mji mdogo wa kilimani. Ofisi ya benki ilikuwa ya hali ya chini, wafanyakazi walikuwa wachache, vitabu vya hesabu vilikuwa vimevurugika, na akiba ya fedha za kigeni ilikuwa karibu kwisha. Mtu mwingine angeweza kuandika ripoti, akasema hali haitibiki, akarudi kwao. Yeye alianza kwa kusafisha hesabu, siku baada ya siku, pamoja na vijana wa Kinyarwanda aliowakuta hapo.

Rais Grégoire Kayibanda alimwomba aandae mageuzi ya fedha. Hattori alianza kazi hiyo, lakini kila uzi alioushika ulimpeleka kwenye uzi mwingine: kutoka sarafu hadi kodi, kutoka kodi hadi kahawa, kutoka kahawa hadi biashara ya rejareja. Mwishowe mpango wake uligusa karibu kila upande wa uchumi wa nchi.

Dola moja, bei mbili

Kiini cha tatizo kilikuwa hiki. Rwanda ilikuwa na viwango viwili vya kubadilisha fedha. Kwa kiwango rasmi, dola moja ya Marekani ilipatikana kwa faranga 50. Kwenye soko huru, dola hiyohiyo iligharimu karibu mara mbili au zaidi. Nia ya wakubwa waliouweka mpango huo ilikuwa njema kwa maneno. Bidhaa muhimu kwa mwananchi zingeagizwa kwa dola ya bei nafuu, ili mnunuzi wa mwisho, yule wa kijijini, azipate kwa bei nafuu. Bidhaa za anasa zingeagizwa kwa dola ya bei ghali.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara mwenye kibali anaagiza kitambaa cha thamani ya dola moja. Analipa faranga 50. Jirani yake asiye na kibali anaagiza kitambaa kama hicho kwa dola ya soko huru na kulipa faranga 100 au zaidi. Vitambaa vyote viwili vinafika sokoni. Je, wa kwanza atauza kwa nusu ya bei ya wa pili? Hapana. Hana sababu ya kufanya hivyo. Vitambaa vya bei nafuu havitoshi kuwavisha watu wote, na mnunuzi hana pengine pa kwenda. Basi wote wawili wanauza kwa bei moja, ile ya juu. Tofauti ya gharama inabaki mfukoni mwa mwenye kibali.

Hivyo ndivyo Hattori alivyoukuta uchumi wa Rwanda. Serikali ilikuwa ikitoa dola kwa bei ya hasara, ikiamini kwamba inamsaidia mkulima. Mkulima alikuwa akinunua nguo, chumvi na jembe kana kwamba msaada huo haukuwapo. Katikati ya hao wawili kulikuwa na kampuni chache, nyingi zikiwa za wageni, zilizojua njia ya kupata vibali na zilizokuwa na mtaji wa kujaza ghala. Udhibiti wa bei ulikuwapo kwenye karatasi, lakini ulimwuliza mfanyabiashara gharama zake ni kiasi gani, na mwenye kujibu alikuwa mfanyabiashara huyohuyo.

Hapo ndipo alipofikia hitimisho lililobeba kazi yake yote. Bei ya dukani haipangwi na gharama ya bidhaa peke yake. Inapangwa na idadi ya milango ambayo mnunuzi anaweza kubisha. Penye mlango mmoja, gharama ikishuka faida ndiyo inayopanda. Penye milango mingi, mwenye duka mmoja atapunguza kidogo ili avute wateja wa mwenzake, na mwenzake atalazimika kumfuata. Unafuu wa gharama hufika kwa mlaji kwa njia hiyo tu.

Hesabu ya mkulima wa kahawa

Upande wa pili wa hesabu hiyo ulikuwa mchungu zaidi, na uliwagusa moja kwa moja watu wa Cyangugu, kama eneo la Rusizi lilivyoitwa wakati huo. Kahawa ndiyo iliyoiletea Rwanda sehemu kubwa ya dola zake. Miti hiyo ilikuwa kwenye milima ya wakulima wadogo, na milima ya kusini-magharibi ilikuwa miongoni mwake. Kiwango rasmi kilipoifanya dola ionekane rahisi, kiliifanya pia kahawa ionekane rahisi. Faranga zilizomfikia mkulima kwa kilo yake zilikuwa chache kuliko thamani ambayo dola ya kahawa hiyo ilikuwa nayo sokoni.

Kwa maneno mengine, mkulima alilipa mara mbili. Aliuza kahawa yake kwa hesabu ya dola ya bei nafuu, kisha akanunua mahitaji yake kwa hesabu ya dola ya bei ghali. Pengo lilikwenda kwa waliokaa kati, na pia kwa wageni waliolipwa kwa faranga mjini na kuruhusiwa kupeleka mishahara yao nje kwa kiwango rasmi. Hattori alipolitazama jambo hili, shutuma ya uvivu ilibadilika sura. Mkulima anayeona kwamba kupanda miti zaidi hakumwongezei chochote anachoweza kununua ana akili timamu anapoamua kupanda chakula chake na kubaki nyumbani.

Mageuzi ya 1966

Mwezi Aprili 1966 mpango ulitangazwa. Viwango viwili vilifutwa, kikabaki kimoja: dola moja kwa faranga 100. Thamani rasmi ya sarafu ilishushwa kwa nusu kwa siku moja. Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa mkopo wa kuisaidia nchi kuvuka kipindi hicho. Kodi zilipangwa upya, baadhi ya nafuu walizokuwa nazo wageni ziliondolewa, na udhibiti wa bei kwa sehemu kubwa ukaachwa.

Kwa wengi huo ulionekana kuwa mchezo wa hatari. Ilikuwa rahisi kuhofia kwamba gharama ya kuagiza bidhaa muhimu ingeongezeka maradufu, na kwamba bei madukani nazo zingepanda vivyo hivyo. Hattori alikuwa na jibu ambalo wasiofahamu hesabu ya viwango viwili waliliona kama kitendawili. Bei za bidhaa nyingi zilikuwa tayari zimepanda. Zilikuwa zikifuata dola ya soko huru muda wote, hata pale mfanyabiashara alipoagiza kwa dola ya faranga 50. Kwa hiyo, kupandisha gharama ya mwenye kibali kungepunguza faida yake kwanza, kabla ya kugusa bei ya mlaji.

Kitendawili hicho ndicho somo lenyewe likitazamwa kutoka upande wa pili. Kama kushuka kwa gharama hakukuwa kumeshusha bei, basi kupanda kwa gharama hiyohiyo hakukuwa lazima kuipandishe kwa kiwango kilekile. Kilichokuwa kikiamua bei ni uhaba wa bidhaa na uchache wa wauzaji. Hivyo viwili ndivyo vilivyopaswa kushughulikiwa.

Kuongeza milango

Mtu aliyeelewa hivyo asingeweza kutosheka na kubadilisha tarakimu ya sarafu. Miaka mitano iliyofuata, sehemu kubwa ya nguvu zake ilikwenda katika kuwawezesha Wanyarwanda wenyewe kuingia katika biashara. Kabla hajaandika mpango wake alikuwa ameketi na wafanyabiashara wadogo wa Kinyarwanda na kuwasikiliza. Aliwaona ni watu wanaojua hesabu, wanaojua mteja wao, wanaokwenda umbali mrefu kwa ajili ya faida ndogo. Walichokosa ni mtaji, usafiri, na mahali pa kuhifadhi mzigo.

Vitu hivyo vitatu vilikuwa ndiyo ngome ya wenye biashara kubwa. Mwenye ghala anaweza kusubiri hadi bidhaa ziadimike, asiye na ghala lazima auze leo. Mwenye lori ndiye anayeamua kijiji kipi kifikiwe. Mwenye mkopo wa benki hununua kwa jumla, na asiye nao hununua kutoka kwa yule mwenye mkopo, kwa bei atakayopangiwa. Mtu anaweza kuwa mwerevu kupindukia, lakini akikosa vitu hivyo vitatu hana namna ya kushindana.

Ndiyo maana katika kipindi chake Rwanda ilishuhudia kuanzishwa kwa Benki ya Maendeleo mwaka 1967, kwa ajili ya mikopo ya muda mrefu. Mwaka 1969 likaja shirika la maghala, MAGERWA, ambalo jina lake bado linafahamika kwa kila mwagizaji wa mizigo nchini. Hattori alihimiza pia huduma ya mabasi ya umma, na mabasi yakaletwa kutoka Japani. Kwa msomaji wa leo basi laweza kuonekana kuwa jambo dogo mbele ya sera ya fedha. Kwa mwanamke wa mlimani aliyekuwa na duka moja tu mbele yake, basi linalompeleka kwenye mji wa soko na kumrudisha jioni lilikuwa mlango wa pili wa kubisha.

Hapa inafaa kusema pia kile ambacho hesabu za benki hazikuonyesha. Hattori alifika Kigali takriban mwaka mmoja baada ya mauaji ya Watutsi ya Desemba 1963 na Januari 1964, ambayo yalikuwa makali zaidi katika eneo la Gikongoro. Maelfu kwa maelfu walikuwa wamekimbilia nchi jirani, na waliobaki waliishi chini ya ubaguzi wa serikali ileile aliyoitumikia. Gavana huyo aliandika juu ya Rais Kayibanda kwa heshima, na macho yake yalielekea zaidi kwenye bei, kodi na kahawa. Alifungua soko, lakini nchi yenyewe iliendelea kuwafungia milango wananchi wake wengi. Mwaka 1973 Kayibanda alipinduliwa, na mwaka 1994 ubaguzi uliopandwa tangu miaka ile ulizaa Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi. Sifa ya kazi ya Hattori haiwezi kusimuliwa bila kivuli hicho.

Kitabu, na miaka ya mwisho

Hattori aliondoka Rwanda 1971. Mwaka uliofuata alichapisha kwa Kijapani kumbukumbu za kazi yake kama gavana wa benki kuu ya nchi ambayo Wajapani wengi hawakuweza kuionyesha kwenye ramani. Kitabu hicho kilipata tuzo ya uchapishaji ya gazeti la Mainichi. Kinaendelea kusomwa nchini mwake na kilitolewa upya 2009, miaka kumi baada ya kifo chake. Wanaokipenda wanasema kina mvuto kwa sababu mwandishi hakujifanya mkombozi. Anaeleza alichokikuta, alichokiuliza, na hesabu iliyompeleka kwenye kila uamuzi.

Mwaka 1972 alihamia Benki ya Dunia, akapanda hadi kuwa makamu wa rais 1980, na akastaafu huko 1983. Alifariki Novemba 1999. Kwa kipimo cha vyeo, kazi yake ya Washington ilikuwa kubwa kuliko ile ya Kigali. Hata hivyo ni miaka sita ya Rwanda inayomfanya akumbukwe.

Wanauchumi wa baadaye walilipima kwa takwimu jambo linalofanana na lile alilolikuta. Mwaka 2000 Sam Peltzman wa Chuo Kikuu cha Chicago alichapisha utafiti juu ya bei za bidhaa nyingi nchini Marekani. Alikuta kwamba katika zaidi ya masoko mawili kati ya kila matatu, bei hupanda haraka gharama inapopanda, na hushuka polepole gharama inaposhuka. Hata katika nchi tajiri yenye barabara na maduka kila kona, unafuu husafiri taratibu kuliko ughali.

Kutoka Hattori hadi bonde la Bugarama

Turudi kusini-magharibi. Mwaka 2024 wakulima wa mpunga wa bonde la Bugarama walivuna vizuri, kisha wakakosa wa kuwauzia. Maelfu ya tani yalirundikana, mengine kwenye maturubai nje ya maghala, huku wanunuzi wakisema kwamba mchele unaotoka nje, hasa Tanzania, una bei nafuu zaidi kwao. Agosti mwaka huo Rais Paul Kagame alilizungumzia jambo hilo hadharani mbele ya viongozi wa nchi, akiwahoji waliohusika, na serikali ikachukua hatua ya kununua mavuno hayo.

Ni rahisi kudhani kwamba penye mlima wa mpunga uliokosa mnunuzi, mchele utauzwa kwa bei ya kutupa katika duka la jirani. Sivyo. Mpunga ulio kwenye turubai bado si mchele. Kati yake na sufuria kuna mashine ya kukoboa, mfuko, lori, ghala, mkopo wa kununulia, na mtu mwenye uwezo wa kuvishika vyote hivyo. Wenye uwezo huo wakiwa wachache, mkulima analia kwa bei ya chini na mlaji analia kwa bei ya juu, wote wawili katika tarafa moja na msimu mmoja. Ni picha ileile ya mkulima wa kahawa wa 1965, aliyeuza kwa hesabu moja na kununua kwa hesabu nyingine.

Mpaka nao ni mlango. Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda, na kivuko cha Ruhwa, kilicho pale chini Bugarama, kikanyamaza. Kwa watu wa eneo lililozoea kulinganisha bei za nchi tatu kabla ya kufungua pochi, kufungwa kwa njia moja ni pungufu katika uwezo wao wa kumwambia muuzaji kwamba watanunua kwingine.

Mfano wa Hattori hauwafanyi wafanyabiashara kuwa watu wabaya. Muuzaji wa rejareja wa Nyakabuye aliyenunua mfuko wa mchele kabla kodi haijaondolewa anasema kweli anaposema alinunua ghali, na akiuuza kwa hasara watoto wake ndio watakaolala njaa. Ukweli wake una kikomo, hata hivyo. Mfuko huo utakwisha, na utakaofuata atakuwa ameununua kwa gharama mpya. Hapo ndipo swali la gavana yule linapopaswa kuulizwa tena: je, kuna duka jingine karibu, lililo huru kupunguza bei, na je, mnunuzi ana habari ya bei hiyo?

Bei ya kikomo iliyotangazwa redioni husaidia angalau kwa hilo la pili, kwa kuwa inampa mnunuzi tarakimu ya kuanzia mazungumzo. La kwanza halitangazwi. Linajengwa kwa barabara, kwa mikopo midogo, kwa vyama vya ushirika vyenye mashine na maghala yao wenyewe, kwa mipaka inayopitika. Hattori alilianza kwa benki, maghala na mabasi, katika nchi iliyokuwa na lami kidogo sana. Alijua kwamba amri inaweza kushusha gharama kwa siku moja, lakini ili nafuu hiyo ipande hadi kwenye milima ya Cyangugu, lazima wawepo watu wa kutosha wanaoibeba na kushindana wao kwa wao njiani.